UZI: Umeacha kazi, bonasi bado haijalipwa. Ni haki yako ama ni zawadi ya bosi?

Kila Mei Mosi mjadala ni ule ule: mshahara wa chini uongezwe, asilimia ngapi. Sawa. Lakini kuna pesa nyingine hupotea kimya kimya na hakuna mtu huipandia jukwaani. Umefikisha malengo ya mwaka mzima, unajiuzulu Desemba, bonasi inalipwa Machi. HR anakwambia "ulishatoka." Imeisha hivyo?

Tuanze na habari mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007 hailazimishi mwajiri yeyote kulipa bonasi. Utaisoma yote na hutapata hicho kifungu. Bonasi inatoka kwa mkataba wako, kwa hivyo kila kitu kinategemea maneno yaliyoandikwa pale.

Mkataba ukisema kampuni "inaweza" kulipa ikipenda, hiyo ni hiari yake na kesi yako ni nyepesi sana. Ukisema ukifikisha kiwango fulani "utalipwa" kiasi fulani, na umekifikisha, hilo sasa ni deni. Kamisheni ndio mfano rahisi: umeuza bidhaa 40, kila moja Sh2,000, hizo ni Sh80,000 za jasho lako. Barua ya kujiuzulu haizifuti.

Na hapa ndipo mimi hushangaa na ma-HR. Kifungu cha 18 kinasema hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa kubwa alipwe pesa na marupurupu yote aliyostahili hadi siku hiyo. Sasa wewe uliyetoa notisi vizuri ukose kwa nini?

Mtego uko kwa sentensi moja: "lazima uwe kazini siku ya malipo." Kama uliisaini, utapanda mlima. Waajiri husema bonasi ni ya kuwafanya watu wabaki, na wana hoja. Lakini kama imefungwa kwa malengo ambayo tayari nimefikisha, kwangu huo ni mshahara uliocheleweshwa tu. Ningependa kuona wabunge wakibishana kuhusu hiyo sentensi badala ya kurushiana vijembe.

"Mimi sina mkataba wa maandishi." Usikate tamaa. Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, na akishindwa kuuonyesha kortini, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai unamwangukia yeye. Weka barua pepe, payslip na skrinshoti za malengo kabla wafunge akaunti yako ya kazi.

Jambo lingine. Ile karatasi ya malipo ya mwisho inayosema huna dai lingine lolote, usiisaini kabla ya kupiga hesabu. Ukiisaini kwa hiari yako, korti inaweza kukufungia mlango.

Anza kwa barua ya madai, halafu afisa wa leba, halafu Mahakama ya Ajira na Leba. Una miaka 3 pekee.

Weka hapa chini maneno ya kipengele chako cha bonasi (ficha jina la kampuni) tukisome pamoja.