Ufunguo wa Pikipiki na Kijana Mwenye Upungufu wa Umakini

Mtihani wa kidato cha nne humalizika mwezi Novemba, na masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi hiyo ya kati, familia nyingi za Ngamiani hujikuta na kijana wa miaka 17 au 18 asiye na shule wala kazi, na mara nyingi hujitokeza ndugu mwenye pikipiki anayesema: "Mpeni huyu ajifunze, apate hata ya sabuni." Kwa kijana yeyote uamuzi huo ni mzito. Kwa kijana mwenye upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, hali ambayo madaktari huifupisha kwa herufi ADHD, unahitaji kanuni ambazo wazazi wengi hawajawahi kukaa chini wakaziandika.

Tuielewe kwanza hali yenyewe. Si usonji, wala si ukaidi, wala si kazi ya majini. Ni namna ubongo ulivyokua. Dalili zake huonekana kabla ya miaka 12, na aghalabu hurithiwa, kiasi kwamba baba anayemlaumu mwanawe huenda alikuwa na tabia zile zile alipokuwa mdogo. Kijana wa namna hii husikia agizo, hulikubali kwa dhati, na dakika kumi baadaye likawa limemtoka. Mkono wake hutangulia fikra. Anaweza kuwa na akili ya darasani kuliko wenzake, lakini uwezo wake wa kujizuia ukawa nyuma ya umri wake kwa miaka kadhaa. Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika: humpima kwa ndevu na kwa urefu, kumbe barabara itampima kwa jambo jingine.

Na barabara za Ngamiani hupima kwa ukali. Mtaa huu ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, barabara za namba zikikatana na nyingine kila baada ya nyumba chache. Kwa hiyo mwendesha pikipiki anayekwenda sokoni hukutana na njia panda baada ya njia panda, nyingi zikiwa hazina taa, na kila moja inamtaka atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Tanga ni mji wa baiskeli. Mzee mwenye baiskeli hutokea pembeni bila mlio. Mwenye umakini kamili anaweza kuzembea njia panda moja kati ya nyingi akanusurika. Mwenye umakini unaokatika-katika huzembea kadhaa katika safari moja bila hata kujua.

Hofu hii ina ushahidi. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, nchini Marekani, waliwafuatilia madereva vijana wa jimbo la New Jersey, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba wenye ADHD walikuwa na hatari ya ajali iliyo kubwa kwa asilimia 36 kuliko wenzao. Utafiti wao wa mwaka 2019 uliongeza jambo la kuzingatiwa sana: katika mwezi wa kwanza baada ya kupata leseni, kiwango chao cha ajali kilikuwa juu kwa asilimia 62. Hao walikuwa wakiendesha magari yenye mikanda. Wetu wako juu ya pikipiki. Hata hivyo takwimu hizo hazisemi kwamba kijana huyu hawezi kuendesha kamwe. Zinasema mwanzo wake ndio wenye hatari kuliko wakati mwingine wote, na huo ndio wakati ambao mzazi bado ana sauti.

Mama anaposema "uwe mwangalifu, mwanangu", ametoa baraka njema, lakini hajatoa kanuni. Kijana aliyepungukiwa na umakini hawezi kulishika agizo lisilo na umbo. Anahitaji kanuni chache, zilizoandikwa, zinazoonekana kwa macho, na zenye matokeo ya siku ile ile. Kwa maneno mengine, kwa kuwa kumbukumbu na breki za ndani ni dhaifu, familia humwekea breki za nje mpaka zile za ndani zikomae.

Breki ya kwanza ni ufunguo. Usikae mfukoni mwa kijana wala juu ya meza. Ukae kwa mzazi, umefungwa pamoja na kofia ngumu, ili mmoja usitoke bila mwenziwe. Kila safari iombwe: unakwenda wapi, kwa njia ipi, unarudi saa ngapi. Maswali hayo matatu humlazimisha kufikiri kabla ya kuwasha, na kwa kijana huyu ule muda mfupi wa kufikiri ni nusu ya usalama wake. Jambo hili hushindikana kwa sababu moja tu ninayoiona kila mara: mama amekataa, mjomba ametoa ya kwake. Basi mjomba naye aitwe kwenye kikao, na bibi pia, maana kanuni inayokoma kwenye kizingiti cha nyumba moja si kanuni.

Kisha njia. Aanzie uwanja ulio wazi, asubuhi, pamoja na mtu mzima. Atakapoingia barabarani apewe njia moja anayoijua, na wiki kadhaa baadaye iongezwe ya pili. Barabara kuu ya kwenda Segera, yenye malori na mabasi, iwe ya mwisho kabisa. Wanaofundisha udereva wana zoezi linalofaa sana hapa: mwanafunzi hutaja kwa sauti kila anachokiona na atakachofanya, "mtoto upande wa kushoto, napunguza, njia panda, nasimama." Huonekana kama mchezo, lakini sauti yake mwenyewe huurudisha umakini uliotoroka. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza hata kuanza kumchunguza kwenye baiskeli. Kama kwenye baiskeli hasimami njia panda, pikipiki isubiri.

Abiria wasiwepo kabisa katika miezi sita ya mwanzo, hata mdogo wake anayekwenda Ibada ya Misa. Rafiki aliyepakiwa nyuma huongea, hucheka, huchochea mwendo. Na mishikaki, ile desturi ya kupakia watu wawili au watatu, inakatazwa kwa yeyote. Simu izimwe na kuwekwa chini ya kiti. Giza likiingia pikipiki iwe imekwisha rudi. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, kama Sheria ya Usalama Barabarani inavyotaka, na bila leseni ya daraja la pikipiki pasiwe na mjadala wowote.

Kwa wale wanaotumia dawa, saa ina maana yake. Dawa kama methilifenidati ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa nne, kisha umakini hushuka tena. Kijana aliyemeza asubuhi si yule yule saa kumi jioni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017, uliohusu zaidi ya watu milioni 2 wenye hali hii, ulionyesha kwamba katika miezi waliyotumia dawa, ajali zilizowafikisha hospitalini zilipungua kwa asilimia 38 kwa wanaume na asilimia 42 kwa wanawake. Dawa hizo hutolewa na daktari peke yake, na hakuna anayepaswa kumwongezea mtoto kidonge ili apate kuendesha. Mzazi amuulize daktari saa za dawa, kisha azilinganishe na saa za ufunguo.

Akivunja kanuni, adhabu iwe fupi na ya papo hapo: siku mbili bila ufunguo, kuanzia leo. Adhabu ya miezi mitatu humfikia kama adhabu ya milele. Hukata tamaa na kutafuta pikipiki ya mtaa wa pili. Vivyo hivyo, wiki mbili za utii zifungue mlango mdogo, kama njia mpya au nusu saa ya ziada. Yote yaandikwe kwenye karatasi moja, baba, mama na kijana watie sahihi, ibandikwe mlangoni.

Linabaki suala la riziki, ambalo ndilo gumu. Mkataba wa bodaboda humtaka kijana apeleke hesabu kwa tajiri kila jioni, na hesabu isiyotimia humsukuma kukimbia, kupakia mishikaki na kuendesha usiku. Kanuni zote tulizozitaja huvunjwa na mkataba huo mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaweka kupenda mwendo kasi pamoja na ulevi, kwamba anayehatarisha uhai wake na wa wengine barabarani kwa mambo hayo ana hatia kubwa. Na mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa kichungaji kwa watumiaji wa barabara, wenye amri kumi, ya kwanza ikiwa ni kutokuua. Kwa maoni yangu, sehemu ya dhamana hiyo humwangukia mtu mzima aliyempa kijana huyu mkataba huku akiijua hali yake. Familia inayohitaji fedha ni heri imtafutie fundi wa kumshika mkono, au nafasi ya ufundi VETA, kuliko kumpa hesabu ya kila siku kabla hajamaliza mwaka mmoja wa kuendesha bila ajali.

Anapopelekwa shule ya udereva, mwalimu aambiwe hali yake mapema, faraghani, si mbele ya wenzake. Aombwe masomo mafupi mafupi yaliyo mengi badala ya saa mbili mfululizo, na asubuhi badala ya alasiri.