Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Katika lugha yetu yako maneno mawili yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu, kisha kila moja likashika njia yake. La kwanza ni huntha, neno la vitabuni, nalo ni mtu ambaye umbile lake halikubainika kuwa la kiume wala la kike. La pili ni hanithi, nalo ni tusi. Mtu akiitwa hivyo barazani, huenda pakazuka ugomvi. Mitaani tumelishika la pili, la kwanza tukawaachia wanavyuoni. Ndiyo maana watu hawa twawajua kwa matusi yao kuliko kwa haki zao.

Leo, msomaji, nataka tuitazame Pakistan, nchi ya Waislamu wenzetu, ambako watu hao waliungana wakadai haki zao mbele ya mahakimu na mashekhe. Huko huitwa khawajasira au hijra, na ndani ya majina hayo mna watu wa namna mbalimbali: mahuntha wa kuzaliwa, matowashi, na wale waliozaliwa na umbo la kiume lakini wakajiona nafsini mwao kuwa ni wanawake. Mjadala mkubwa ni juu ya hawa wa mwisho.

GURU NA WANAFUNZI WAKE

Kuungana kwao si jambo la jana. Zama za wafalme wa Kimughal, matowashi walioitwa kwa jina hilo la khawajasira walikuwa watu wa cheo. Walilinda nyumba za wake wa wafalme, na wengine wakashika mali na majeshi. Mitaani nako mahijra waliishi kwa makundi, kila kundi na guru wake, mkubwa aliye mama na mwalimu kwa pamoja, na chini yake wanafunzi waitwao chela. Mtoto aliyefukuzwa kwao alipokewa na guru, akafunzwa kuimba na kucheza arusini na kuwaombea dua watoto wachanga, na chumo likagawanywa.

Walipotawala Waingereza, mambo yaligeuka. Sheria ya mwaka 1871 iliamuru waandikishwe wote walioshukiwa, katika mikoa ya kaskazini ya Bara Hindi, Punjab ikiwamo. Aliyeandikishwa alikatazwa kuvaa nguo za kike njiani, kucheza kwa ujira, kuwa mlezi wa mtoto wa kiume, na hata kuandika wasia. Sheria ilikuja kufutwa, lakini dharau iliyopandwa haikufutika nayo.

KESI YA MWAKA 2009

Mapema mwaka 2009, huko Taxila, polisi waliwakamata khawajasira waliokuwa wakitumbuiza arusini. Wenzao waliandamana, mmoja wa viongozi wao akiwa Almas Bobby wa Rawalpindi. Aliyelipeleka shauri lao katika Mahakama ya Juu alikuwa Dakta Muhammad Aslam Khaki, mwanasheria aliyebobea katika sheria ya Kiislamu. Yeye hakuwa mmoja wao. Aliona tu kwamba Waislamu hawa wamedhulumiwa.

Jaji Mkuu Iftikhar Muhammad Chaudhry aliamuru wapewe vitambulisho vyenye fungu lao wenyewe, wasinyimwe urithi, na watafutiwe kazi. Mjini Karachi baadhi yao waliajiriwa kuwadai kodi matajiri waliokuwa wakikwepa kulipa, kwani tajiri akipigiwa kelele mlangoni na kikundi cha khawajasira, majirani wakichungulia, hutoa fedha ili aibu imwondokee. Ni kazi, lakini ni kazi iliyosimama juu ya dharau ile ile. Zaidi ya hiyo ni kwamba katika uchaguzi wa mwaka 2013 baadhi yao, kama vile Bindiya Rana wa Karachi, waligombea viti wenyewe.

Hata hivyo, kitambulisho hakimzuii mtu kuuawa. Mwezi wa Mei mwaka 2016, mjini Peshawar, mtetezi mmoja wao aitwaye Alisha alipigwa risasi. Wenzake walimkimbiza hospitali, na huko pakazuka ubishi: alazwe wodi ya wanaume au ya wanawake? Wakati ukapotea na damu ikimwagika. Alisha akafa.

Mwezi uliofuata, mashekhe wapatao 50 walitoa fatwa mjini Lahore. Walisema kumfanyia mzaha khawajasira ni haramu, kumnyima urithi ni dhambi, na akifa azikwe kama Mwislamu mwingine yeyote.

YALIYOMO VITABUNI

Sisi tuliosomea vyuoni huku pwani hatuna sababu ya kuishangaa fatwa hiyo. Huntha tulikutana naye katika mlango wa mirathi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, iwapo hali yake haijabainika, hupewa kile chenye yakini, na chenye shaka huwekwa mpaka mambo yabainike. Wamaliki humpa nusu ya fungu la kiume na nusu ya fungu la kike. Katika sala ya jamaa, safu yake ni baina ya wanaume na wanawake. Wanavyuoni walikhitilafiana juu ya kiasi cha fungu lake, lakini hawakusema hana fungu.

Tena Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, alimtenga mwanamume mwenye tabia za kike aliyeumbwa hivyo na yule anayejigeuza kwa makusudi. Wa kwanza, alisema, hana lawama wala dhambi. Lawama aliiweka kwa wa pili.

Hapo ndipo penye fundo la leo. Mwaka 2018 Bunge la Pakistan lilipitisha sheria ya kuwalinda watu hawa, nayo ikampa mtu mzima haki ya kuandikwa kama anavyojiona mwenyewe. Tarehe 19 Mei, 2023, Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ikavitangua vifungu hivyo, pamoja na kile cha mirathi, ikisema jinsia hufuata umbile wala si hisia za mtu. Almas Bobby mwenyewe, aliyeandamana mwaka 2009, alikuwa upande wa walioipinga sheria hiyo, akiona imewafungulia mlango wasio khawajasira wa kweli. Wenzake wengine walikata rufani. Basi jumuiya iliyoungana kudai haki ikagawanyika juu ya nani ahesabiwe kuwa wao.

CHUO CHA RANI KHAN

Huku wakubwa wakibishana, wako walioshika msahafu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020, mjini Islamabad, khawajasira aitwaye Rani Khan alifungua chuo cha Kurani cha vyumba viwili kwa ajili ya wenzake. Aliondolewa kwao akiwa na umri wa miaka 13, akaomba barabarani, akacheza arusini, kisha akarudi kusoma. Huwafunza wanafunzi kusoma, kushona na kutarizi, wapate kula bila kuomba. Huko Yogyakarta, Indonesia, chuo kama hicho kilianzishwa mwaka 2008, na mwaka 2016 kikafungwa kwa shinikizo la wenye siasa kali, kisha masomo yakaendelea.

Nasi tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu mahuntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto wa namna hiyo. Kila mmoja wao ana mama aliyemzaa, na ana mirathi itakayogawanywa siku moja.

Juu ya mpaka wa jinsia, wanavyuoni na wabishane kwa ilimu zao. Lakini matibabu, urithi, chuo na kaburi havingojei ubishi uishe. Alisha aliungojea, na uhai wake haukungoja.