Kabla hujaandika "inakaa siku nzima": jinsi ninavyopima pafyumu ya kiume ninayouza

Leo naongea na wale mnaouza unyunyu mtandaoni, hasa pafyumu za kiume za majina makubwa. Kama hujawahi kuambiwa na mteja "dada, hii haikai", subiri, zamu yako inakuja. Yangu ilikuja mwaka jana, na ilinigharimu laki tatu na themanini.

Ilikuwa hivi. Kaka mmoja wa Dodoma aliagiza Dior Sauvage, chupa ya ml 100, aivae siku ya harusi yake. Kwenye stetasi nilikuwa nimeandika "ORIJINO KABISA, UNAPULIZA ASUBUHI UNANUKIA MPAKA KESHO". Maneno hayo hata sikuyatunga. Niliyachukua kwa muuzaji mwingine, naye sijui aliyachukua wapi. Mzigo ukapanda basi, ukafika salama.

Siku moja baada ya harusi nikakuta ujumbe: "Dada umeniuzia kopi. Nimejipulizia asubuhi, tunaingia ukumbini jioni sisikii kitu." Muda si mrefu akaenda kuyaandika hayo hayo chini ya picha zangu, kila mtu anasoma. Siku hiyo wateja wawili waliokuwa wameshaagiza wakasema "ngoja kwanza".

Nilimrudishia hela yake yote, naye akanirudishia chupa. Mtaji wangu wakati huo haukufika milioni moja na nusu, kwa hiyo pengo mnaliona wenyewe. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa. Chupa nilinunua kwa mtu ninayemwamini, namba ya bechi chini ya chupa ililingana na ya kwenye boksi. Ila mtu angeniuliza "hii inakaa masaa mangapi?", haki ya Mungu nilikuwa sijui. Nilikuwa nauza kitu ambacho sijawahi kukipima hata siku moja.

Nikaamua chupa ile ile iwe darasa langu. Haya ndiyo niliyojifunza.

HARUFU YA DAKIKA YA KWANZA SIYO ANAYOINUNUA MTEJA

Ndani ya chupa kuna spiriti na mchanganyiko wa mafuta ya manukato. Ukipuliza, spiriti inapaa kwanza. Baada yake vinafuata vitu vyepesi, kisha vya kati, na vizito ndivyo vinavyobaki mwisho. Kwa hiyo pafyumu moja ina harufu tofauti asubuhi, mchana na jioni.

Chukua hiyo Sauvage, iliyotoka mwaka 2015 na kutungwa na François Demachy. Mwanzo wake ni bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa Calabria, kusini mwa Italia, pamoja na pilipili. Ni kama mtu amemenya chungwa bichi pembeni ya pilipili manga inayotwangwa. Inachangamsha kweli, ila kwenye ngozi sehemu hiyo ya uchungwa haimalizi saa moja. Ikiondoka unaanza kusikia lavenda, halafu kinabaki kitu kikavu, chenye joto, kama mti uliokaa juani karibu na bahari. Hicho kinatokana zaidi na ambroksani, malighafi ya maabara iliyobuniwa kuiga ambari. Ambari ni ile ile inayotoka kwa nyangumi, ambayo watu wa pwani yetu waliiokota ufukweni na kuwauzia wafanyabiashara wa ng'ambo tangu zamani sana.

Sasa mteja anayenusa mdomo wa chupa dukani na kusema "nipe hiyo" amenusa bergamoti tu. Atakachoishi nacho siku nzima ni ambroksani. Kama wewe muuzaji hukijui, huwezi kumwelezea anachonunua.

PUA YA ALIYEVAA SIYO SHAHIDI MZURI

Hapa ndipo lilipokuwa kosa la yule bwana harusi, na mimi sikumtahadharisha.

Pua ikikaa na harufu moja kwa muda inaizoea, inaacha kukupa taarifa. Muuza samaki wa Feri hasikii harufu ya samaki, lakini wewe ukikaribia tu soko unaisikia. Pafyumu ni hivyo hivyo. Halafu pua hazilingani. Wapo watu wasiosikia vizuri baadhi ya hizi malighafi nzito, wakati aliyekaa pembeni yao anazisikia bila shida.

Baada ya kama wiki mbili nilimpigia yule kaka, nikamuuliza taratibu alipuliza wapi na mara ngapi. Akasema shingoni na kifuani, "kama mara kumi na mbili hivi, si ilikuwa harusi". Mara kumi na mbili chini ya pua yake mwenyewe! Nikamuuliza, shemeji yangu naye alisemaje? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Yeye alisema shati mpaka kesho yake lilikuwa linanukia."

Kumbe chupa haikuwa na tatizo. Hakuniomba radhi, nami sikumdai, kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi kwamba atanukia mpaka kesho bila kumwambia kwamba yeye mwenyewe huenda asijisikie.

MAMBO MATATU, USIYACHANGANYE

Mteja akisema "hii kali" au "hii haina kitu", muulize anamaanisha lipi kati ya haya:

1. Harufu yenyewe: inanukia nini, mwanzo, katikati na mwisho.
2. Kusambaa: mtu aliye umbali gani anaisikia.
3. Kukaa: inachukua masaa mangapi mpaka iishe kabisa kwenye ngozi.

Pafyumu inaweza kusambaa sana saa mbili za kwanza kisha ikatulia karibu na ngozi mpaka jioni. Kwa mvaaji inaonekana imeisha. Kwa anayemkumbatia bado ipo.

JINSI NINAVYOPIMA

Hatua ya kwanza ni karatasi. Nakata kipande cha karatasi nyeupe isiyo na harufu, napuliza mara moja, nasubiri dakika moja spiriti iondoke ndipo nanusa. Karatasi inanisaidia kujua mwelekeo tu, tamu au kavu, nzito au nyepesi. Masaa ya kwenye karatasi siyahesabu, kwa sababu karatasi haina joto wala jasho.

Hatua ya pili ni ngozi. Anayepimiwa awe ametoka kuoga na sabuni isiyonukia sana, na asipake losheni yenye harufu. Namwambia apulize mara moja kwenye mkono na mara mbili shingoni, asisugue. Kusugua kunaongeza joto, harufu ya mwanzo inaondoka haraka zaidi. Na ni pafyumu moja kwa siku. Ukipima tano kwa mpigo, ya tatu tu pua imeshachoka. Ikichoka usihangaike kutafuta kahawa, toka nje uvute hewa dakika chache.

Hatua ya tatu ni daftari. Naandika saa ya kupuliza, halafu hali baada ya dakika 10, nusu saa, saa moja, tatu, sita, nane na kumi. Usitegemee kumbukumbu, utajidanganya kwa kuipenda bidhaa yako.

Hatua ya nne ni pua ya mwingine. Anayenusa awe ametoka nje, hajashinda na aliyevaa chumba kimoja. Asimame hatua mbili, asogee hatua moja, mwisho anuse ngozi. Hapo umepima kusambaa na kukaa.

Hatua ya tano ni watu wawili wa kazi tofauti. Mimi nilimtumia mdogo wangu wa bodaboda na jirani yetu mhasibu anayeshinda kwenye kiyoyozi. Wote walipuliza saa moja asubuhi, siku moja, chupa ile ile.

Mdogo wangu: saa mbili asubuhi niliisikia nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Saa nne, jua limeshapanda na upepo wa pikipiki umefanya kazi yake, ikabidi nisogee karibu. Saa saba mchana mpaka nilaze pua kwenye mkono. Saa tisa ngozi ilikuwa imeisha, ila kola ya shati bado.

Mhasibu: saa saba mchana mwenzake wa meza ya pili alimwambia bado ananukia. Aliporudi saa kumi na moja jioni, mke wake akaisikia shingoni, kwa karibu.

Mnaona? Chupa moja, siku moja, mji mmoja. Mmoja kama masaa saba, mwingine kumi. Joto linaharakisha harufu kupaa, ngozi kavu inaishika kwa muda mfupi, nguo inaishika kwa muda mrefu kuliko ngozi. Ndiyo maana mteja wa Njombe na wa Dar wanaweza kubishana na wote wakawa wanasema kweli. Ukiandika namba moja kwa wote, kuna ambaye unamdanganya.

SOMA MANENO MADOGO KWENYE BOKSI

Mteja akisema "nataka Sauvage", usikimbilie kutaja bei. Muulize ipi. Kuna Eau de Toilette ya 2015, Eau de Parfum ya 2018, Parfum ya 2019 na Elixir ya 2021. Siyo kwamba ni maji yale yale yameongezwa ukali. Kila moja mchanganyiko wake umebadilishwa. Eau de Parfum ina vanila, utamu umeongezeka. Elixir imejaa viungo kama mdalasini, kungumanga na iliki, nzito kabisa. Kwa kawaida Eau de Toilette ina mafuta machache kuliko Eau de Parfum, lakini usimwambie mteja kwamba jina pekee linathibitisha masaa. Pima.

Na kuna mtego mwingine: Eau Sauvage. Hiyo ni ya mwaka 1966, kazi ya Edmond Roudnitska, harufu ya kilimao nyepesi na ya kistaarabu, haihusiani na hii ya 2015 zaidi ya jina na kampuni. Ukimpelekea kijana Eau Sauvage akiwa anategemea Sauvage, atasema kopi, na safari hii atakuwa na haki ya kukasirika.

Tukiwa hapo kwenye kopi: ukigundua mzigo wako siyo halisi, usiuuze kwa jina la orijino. Ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani (FCC) inakamata bidhaa bandia. Na hata ulio halisi, usiuweke dirishani juani kwa ajili ya kupiga picha nzuri. Joto na mwanga vinaharibu pafyumu, na ule uchungwa wa mwanzo ndio unaoanza kupotea.

TANGAZO LANGU SASA HIVI LINASEMA HIVI

"Dior Sauvage Eau de Toilette, ml 100. Mwanzo chungwa na pilipili, baadaye inakuwa kavu yenye joto kama mti. Inasambaa vizuri saa moja mpaka mbili za kwanza, kisha inatulia karibu na ngozi. Tumeipima hapa Dar: anayeshinda juani kama masaa 7, anayekaa kwenye kiyoyozi kama 10. Puliza mara 4, mbili shingoni na mbili kwenye nguo. Wewe unaweza kuacha kuisikia mapema, muulize wa pembeni."

Kuna walioniambia tangazo hili litafukuza wateja. Wapo walioondoka, siwezi kukataa. Wale wa "nataka ya saa 24" huwa wanakwenda kwingine. Ila wanaobaki hawarudishi chupa, na mtu akiuliza swali nafungua daftari, simjibu kwa kubahatisha.

NA ILE CHUPA YA DODOMA?

Chupa iliyofunguliwa huwezi kuiuza kama mpya. Nilinunua vichupa vidogo vya kupuliza vya ml 2, nikaigawa, kila kimoja nikabandika karatasi yenye jina kamili la pafyumu na maneno "imegawiwa na mimi kutoka chupa kubwa". Mimi niliinunua laki tatu na kumi, yaani 3,100 kwa ml. Ml 2 ni 6,200, kichupa 800, jumla 7,000. Nikauza 10,000. Puliza moja hutoa kama sehemu ya kumi ya ml, kwa hiyo ml 2 ni kama kupuliza mara 20, mteja anaivaa siku tano kwenye ngozi yake na jua la kwake ndipo aamue.

Sikurudisha hela yote, kuna iliyoishia kwenye kupima na iliyomwagika nikijifunza kugawa. Lakini mpaka leo, mteja mpya akitaka chupa kubwa ambayo hajawahi kuivaa, namwambia aanze na kichupa. Wengine wananuna kidogo. Siku ya sita wananipigia wenyewe, ama kuagiza kubwa, ama kusema "dada, hii siyo yangu". Majibu yote mawili ni bora kuliko ule ujumbe wa bwana harusi.

Wiki hii chagua pafyumu moja tu kati ya unazouza, tafuta daftari, tafuta watu wawili, pima. Halafu futa tangazo la zamani uandike jipya. Na kama una mwenzako anayeandika "inakaa saa 24", mtumie hii kabla hajakutana na bwana harusi wake.