TAMBUA KUNI KABLA YA KUZIWASHA



Mti uliosimama tunautambua kwa majani yake. Kuni hazina majani. Je, utazitambuaje? Tazama gome. Tazama rangi ya ndani. Pima uzito kwa mkono.

MPINGO: Ukiupasua utaona weupe mwembamba karibu na gome. Kiini chake ni cheusi na kizito sana. Tia kipande cha kiini ndani ya maji. Kitazama.

MNINGA: Gome bichi likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Utomvu huo hukauka na kuacha alama. Kiini chake ni cha rangi ya kahawia.

Miti hii miwili ni mali. Wamakonde huchonga vinyago kwa mpingo. Maseremala hutengeneza vitanda na milango kwa mninga. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Ukiuchoma, chungu kimoja cha maharage huiva, na mti wa miaka 70 umekuwa majivu. Tena, hapa Tanzania huruhusiwi kuikata miti hii bila kibali. Muone kwanza Bwana Misitu.

MNYAA: Mti huu hupandwa kuwa ua. Vijiti vyake ni vya kijani na vya mviringo. Ukivikata hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni huweza kupofusha. Usivichanje kuwa kuni. Yakikuingia, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati.

Wafundishe na watoto. Wao ndio tunaowatuma kuni.