Udaktari wa Biashara Huanzia Cheti cha Sekondari

Mkimbizi aishiye Nakivale, atazamaye Mbarara kwa matumaini ya shahada ya udaktari katika usimamizi wa biashara (udaktari usio wa sindano), asianze kwa kuhesabu karo. Aanze na vyeti. Aliyesoma Kongo au Burundi hupeleka cheti chake cha sekondari kwenye Baraza la Mitihani la Uganda, kilinganishwe na cha nchini. Shahada hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Ndipo zifuate shahada ya kwanza, ya pili, na miaka ya utafiti unaotetewa mbele ya watahini. Lakini wangapi, walipokimbia vita, walikumbuka kuchukua vyeti? Familia ya askari, izoeayo kuhamahama, iviweke pamoja na hati za kuzaliwa.