Mchezo wa 1892 Watusuta Wenye Nyumba

Msomaji mpenzi, sisi watu wa pwani baridi hatuiwezi. Nilipokwenda Eldoret kumzuru binti wa dada yangu, asomaye fasihi chuo kikuu, niliukuta mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nami natetemeka ndani ya kanzu na koti. Binti amepanga chumba mtaa wa Pioneer, orofa ya pili. Ngazi ya nyumba hiyo haina pa kushika, na vidato viwili vimemomonyoka. Nusura nianguke nikirudi sala ya Isha.

"Mwenye nyumba twamwambia kila mwezi, mjomba," alisema, "na kila mwezi hupokea kodi yake kamili."

Basi nikahutubu! Nilitaja Sura ya Al-Mutaffifin niliyohifadhishwa chuoni, iwaonyayo wapunjao, wanaodai chao kijae na cha wenzao wakakipunguza. Binti alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipa kitabu asomeacho mtihani: Widowers' Houses, maana yake nyumba za wanaume waliofiwa na wake zao. Ni mchezo wa Bernard Shaw, uliochezwa London mara ya kwanza Disemba 1892, zama za Malkia Victoria. Jina lake limegeuzwa kutoka Injili, pale Nabii Isa anapowalaumu wanaokula nyumba za wajane.

Niliusoma usiku ule ule, blanketi mabegani. Daktari kijana, Trench, amchumbia binti wa tajiri Sartorius. Kumbe utajiri wa mzee huyo watokana na vyumba vibovu vya mafukara wa London. Mkusanya kodi wake, Lickcheese, afukuzwa kazi kwa kosa la kutumia fedha kutengeneza ngazi iliyokwisha kuwaumiza watu. Ngazi, msomaji! Trench aghadhibika, asema hataigusa fedha ya mkwewe. Hapo Sartorius amweleza taratibu kwamba pato lake yeye Trench, pauni 700 kwa mwaka, ni riba ya rehani iliyowekwa juu ya nyumba zizo hizo. Mlaumu na mlaumiwa walikuwa wakila chungu kimoja. Na mwisho wa kisa, Trench hakuiacha riba; aliingia ubia.

Shaw, Mwairishi aliyefuata usoshalisti, hakukusudia kutuonyesha mtu mmoja mwovu tukamzomea tukalala. Alitaka aliyekaa kitini ajiulize pato lake latoka wapi. Ndiyo maana usiku wa kwanza wengine walishangilia na wengine wakazomea.

Wakati huo kila mchezo wa hadharani Uingereza ulihitaji idhini ya afisa wa jumba la kifalme, na sheria hiyo haikufutwa ila 1968. Mchezo mwingine wa Shaw, Mrs Warren's Profession, wa mama aliyetajirika kwa madanguro, aliuandika 1893. Haukuruhusiwa kuchezwa hadharani huko mpaka 1925. Sisi Kenya jambo hili si geni. Mwaka 1977 Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulinyang'anywa kibali, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Na mwana wa Mombasa, Alamin Mazrui, aliyetuandikia Kilio cha Haki (1981), naye aliwekwa kizuizini 1982. Wakubwa hawaogopi matusi. Wanachoogopa ni mtu kuuliza mali imetoka wapi.

Asubuhi nilimrudishia binti kitabu chake. Akauliza, "Mjomba, na ngazi ya nyumba ya babu?"

Nilinyamaza. Nyumba ya marehemu baba iko kwetu pwani, na mimi ndiye nikusanyaye kodi yake. Orofani mwakaa mama mjane, ambaye mara mbili ameniambia habari ya kidato kilichooza. Mara zote nilimjibu "inshallah", na ile ilikuwa inshallah ya kuahirisha, si ya kumtegemea Mola. Kodi yake ndiyo iliyonilipia nauli ya kuja Eldoret. Na fungu la dada yangu katika kodi hiyo ndilo limlipialo binti chumba cha Pioneer. Naye alilijua hilo kabla hajauliza, kwa maana aliinamisha macho.

Siku ile ile nilimpigia simu fundi seremala. Kidato kimebadilishwa. Sijisifu, kwani kilikaa kibovu miaka miwili nami nikitunga mashairi juu ya haki.

Kabla ya kuondoka nilimwendea mwenye nyumba wa Pioneer. Nilimweleza kwanza habari ya ngazi yangu, ndipo nikaitaja yake. Hakukasirika, alicheka, akanikaribisha chai, akaahidi. Hadi naandika haya ngazi yake ingali vile vile. Lakini sasa naweza kumkumbusha bila ya kuona haya.

Wallahu aalam.