Je, wajua? Ukifumba macho, ubongo hauzimi taa

Panda basi la asubuhi, keti dirishani upande wa jua linakochomoza, kisha fumba macho wakati gari linapita kwenye barabara iliyopandwa miti kandokando. Kivuli, mwanga, kivuli, mwanga: kope zako zinapigwa mara nane, mara kumi kwa sekunde. Haupiti muda, giza la ndani ya kope linaanza kujaa vitu. Miraba kama ya ubao wa drafti. Miduara inayotanuka. Vijumba vya sega la nyuki vyenye rangi ambazo hukuziona popote njiani. Fumbua macho, vyote vimetoweka. Imebaki miti, na jirani yako anayesinzia.

Tarehe 21 Desemba 1958 yalimkuta hayo hayo msanii Brion Gysin, akiwa ndani ya basi kuelekea Marseille, kusini mwa Ufaransa. Hakuyaacha yapite. Yeye na mwenzake Ian Sommerville, kijana aliyesomea hisabati, walitoboa matundu kwenye bomba la karatasi ngumu, wakalisimamisha juu ya gramafoni inayozunguka mara 78 kwa dakika, na katikati wakaning'iniza balbu. Anayetaka kutazama anakaa mbele ya bomba na kufumba macho. Walikiita chombo hicho Dreamachine.

Ajabu ni kwamba miraba, miduara na masega hayo ndiyo yale yale wanayoyasimulia watu waliotumia dawa za maruweruwe: LSD, meskalini, au uyoga wenye silosibini. Dawa ni mbalimbali, watu hawajuani, nchi ziko mbali, lakini picha za mwanzo zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Zinatoka wapi, ilhali macho yamefungwa?

Mkemia na jirani wa maziwa

Mwaka 1938 Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alitengeneza LSD kwa mara ya kwanza akiwa anachunguza kemikali za kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka. Haikuonekana kuwa na faida, ikawekwa kando. Tarehe 16 Aprili 1943 aliitengeneza tena, na chembe kidogo ikamwingia mwilini bila kukusudia. Alirudi nyumbani akajilaza. Kila alipofumba macho zilimpitia picha mfululizo, maumbo ya ajabu na rangi zinazogeuka bila kukatika.

Siku tatu baadaye alimeza miligramu 0.25 kwa makusudi, akidhani ni kipimo kidogo. Kumbe kilikuwa kikubwa mno. Alirudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake, kwa kuwa wakati wa vita magari yalikuwa adimu. Hofu ikampanda. Jirani mwema aliyemletea maziwa akamwona ni mchawi mwenye sura ya kutisha. Usiku, hofu ilipopoa, Hofmann alilala macho yamefumbwa akitazama miduara na mizingo inayofunguka na kufungika. Hata sauti ziligeuka picha: kitasa cha mlango kikilia, gari likipita nje, kila mlio ulikuja na umbo lake na rangi yake.

Maumbo manne

Aliyezipanga picha hizi kwa utaratibu wa kisayansi ni Heinrich Klüver, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Katika miaka ya 1920 alikula peyoti, dungusi dogo la Meksiko na kusini mwa Marekani ambalo wenyeji wa asili wa huko wamelitumia katika ibada kwa karne nyingi. Ndani yake mna meskalini, kemikali iliyotambuliwa na Mjerumani Arthur Heffter mwishoni mwa karne ya 19.

Klüver alilinganisha aliyoyaona mwenyewe na maelezo ya watu wengine. Chini ya wingi wa rangi na mapambo, maumbo ya msingi yalikuwa yakijirudia, nayo ni manne tu. La kwanza ni wavu, pamoja na ndugu zake sega la nyuki na ubao wa drafti. La pili ni utando wa buibui. La tatu ni handaki au faneli. La nne ni mzingo, kama gamba la konokono.

Maumbo haya hayahitaji dawa. Huwatokea wagonjwa wa kipandauso kabla kichwa hakijaanza kugonga, wenye homa kali, na watu walio kati ya usingizi na kuamka. Mwaka 1819, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Klüver, Jan Purkinje alikuwa ameshachapisha huko Prague michoro ya picha alizoziona kwa kubonyeza mboni zake na kwa kupunga vidole mbele ya macho yaliyofumbwa yakielekea jua. Isaac Newton alithubutu zaidi: alichomeka kijiti cha kushonea kati ya jicho na mfupa ili aone miduara ya rangi. Usimwige.

Jibu liko kisogoni

Wengi wetu tungedhani picha hizi hutoka kwenye jicho lenyewe. Zile za kubonyeza ni kweli, kwa sababu kidole huchokoza retina nayo retina haijui kusema lugha nyingine isipokuwa mwanga. Ndiyo maana mtu akipigwa kofi huona nyota.

Za dawa ni habari nyingine. Mwaka 1963 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya LSD kwa watu waliokuwa vipofu kabisa. Baadhi yao waliona mianga na picha, ingawa retina zao hazikuwa na kazi tena. Anayeona, basi, si jicho. Jicho ni mpeleka habari. Mpokeaji yuko nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, katika eneo ambalo ndilo kituo cha kwanza cha gamba la ubongo kupokea habari zinazotoka kwenye macho.

Dawa hizi hufika huko kupitia serotonini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana taarifa. LSD, silosibini na meskalini hujifanya serotonini na kushika vipokezi vyake vya aina ya 2A, kama ufunguo bandia unaoingia kwenye kitasa cha mwenyewe. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu akipewa kwanza dawa ya kuziba vipokezi hivyo, silosibini haimletei maruweruwe.

Bado hatujajua kwa nini maumbo ni manne, na kwa nini ni hayo. Hapo tumwite fundi cherehani.

Sketi ya marinda

Chukua kitambaa kirefu chenye milia iliyonyooka, kitie mpira upande mmoja, ukikusanye kiwe sketi ya marinda. Sasa itandaze sakafuni na uitazame kutoka juu. Milia iliyokuwa wima imekuwa miale inayotoka kiunoni kwenda ukingoni. Milia iliyolala imekuwa miduara, mmoja ndani ya mwingine. Na milia ya mshazari, ile iliyokatiza kitambaa kwa pembe, imekuwa mizingo. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni namna kilivyokusanywa.

Ubongo nao hukusanya hivyo. Katikati ya upeo wetu wa macho, pale tunaposoma herufi, ni sehemu ndogo, lakini imepewa eneo kubwa sana kisogoni. Pembezoni mwa upeo ni kupana, ila kumepewa eneo dogo. Kwa hiyo ramani ya kisogoni ni kitambaa kabla ya kukusanywa, na tunachokiona ni sketi iliyotandazwa, kiuno kikiwa katikati. Milia minyoofu ikitokea kwenye ubongo, mwenye ubongo huona miale, mizingo, au miduara inayorudi ndani kama handaki.

Mwaka 1979 wanahisabati Bard Ermentrout na Jack Cowan ndio walioonyesha jambo hili kwa milinganyo. Waliuliza pia milia yenyewe inatoka wapi. Seli za neva kisogoni huamsha jirani zao wa karibu na kunyamazisha walio mbali kidogo. Siku za kawaida nguvu hizo mbili hulingana na eneo lote likatulia. Dawa ikivuruga mizani hiyo, utulivu huvunjika, wala hauvunjiki ovyo ovyo: hujipanga katika mistari ya seli zilizoamka na mistari ya seli zilizonyamaza. Alan Turing alikuwa ameshatumia hesabu za jamii hiyo mwaka 1952 kueleza jinsi madoa na milia yanavyoweza kujitokeza kwenye ngozi ya mnyama. Hivyo punda milia wa Serengeti na mtu mwenye maruweruwe wa Chicago wanaweza kuelezwa kwa hesabu za ukoo mmoja.

Mwaka 2001 Cowan na wenzake, akiwemo Paul Bressloff, waliongeza kitu kingine kwenye hesabu. Kisogoni mna seli zinazotambua mwelekeo wa mstari: hii huamka kwa mstari wima, ile kwa uliolala. Seli hizo ndizo zilizowapa David Hubel na Torsten Wiesel Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Zilipoingizwa kwenye milinganyo, utando wa buibui na sega la nyuki vikajichora navyo, na orodha ya Klüver ikatimia. Tukiona maumbo yale, tunautazama mshono wa ubongo wetu wenyewe.

Baada ya milia huja watu

Maumbo ni utangulizi. Dozi ikiwa kubwa, kwenye wavu na mahandaki hujitokeza nyuso, wanyama, majumba na watu wa zamani. Kwa hayo sketi yetu haitoshi, maana sura ya mtu haifumwi na kituo cha kwanza peke yake.

Nchini Brazili, ambako kinywaji cha ayahuaska ni sehemu ya ibada za makanisa fulani, timu ya Draulio de Araujo iliwapima wanywaji kwa mashine ya kupiga picha za ubongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanywaji hao walifumba macho na kuitafakari picha waliyokuwa wameonyeshwa. Kisogo chao kilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribia kile cha mtu anayeitazama picha macho wazi. Kwa ubongo, kukumbuka kulikuwa kumekaribia kuona.

Mwaka 2016 Robin Carhart-Harris na wenzake wa Imperial College, London, walitoa matokeo ya watu 20 waliopewa LSD wakapimwa wakiwa wamefumba macho. Kituo cha kuona kilikuwa kikizungumza na sehemu nyingi za ubongo ambazo kwa kawaida hakina mazoea nazo. Mawimbi ya alfa, yale yanayopiga mara 8 hadi 12 kwa sekunde na kupanda tunapofumba macho na kutulia, yalikuwa yamefifia. Tuseme mlinzi wa mlango alisinzia, na kumbukumbu, hofu na matamanio vikaingia vyumba vya kuonea bila kupiga hodi.

Mlango huo una gharama. Hofu aliyoipata Hofmann wengine huipata maradufu, mtu mwenye asili ya ugonjwa wa akili anaweza kuamshiwa maradhi, na wapo ambao maruweruwe huwarudia muda mrefu baada ya dawa kuisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaziweka LSD, meskalini na silosibini katika kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote. Hata mwanga wa kumetameta si wa kuchezea: kwa mwenye kifafa unaweza kuamsha degedege.

Babu na wageni wake

Habari hii ina mahali ambapo haihusu dawa hata kidogo, napo ni nyumbani kwetu. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 aliyekuwa na mtoto wa jicho. Mzee alikuwa na akili timamu, lakini aliona wanaume na wanawake waliovaa vizuri, ndege, magari ya farasi na majengo, vitu ambavyo havikuwepo. Mwenyewe alijua havipo. Macho yake yalikuwa yameacha kupeleka habari kisogoni, na kisogo, kwa kukosa kazi, kikajitengenezea habari zake.

Leo hali hiyo huitwa ugonjwa wa Charles Bonnet, na si kichaa. Barani Afrika mtoto wa jicho ndiye chanzo kikuu cha upofu, kwa hiyo wako wazee wetu wanaoona watoto wamekaa chumbani au wageni wamesimama mlangoni, wakanyamaza kwa kuogopa kuambiwa wamerogwa, wana majini au wamepotewa na akili. Mkemia msomi wa Basel alimwona jirani wa maziwa kuwa mchawi, na mchawi hakuwepo.

Babu akikunong'oneza kwamba kuna watu wamekaa pale kwenye kiti kitupu, usimcheke, wala usimtafute mchawi mtaani. Muulize kama anaona vizuri, kisha mpeleke kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na mara nyingi kisogo kikipata tena habari za kweli, wageni wale huaga wenyewe.